Skani safi na nukta isiyoonekana

Kwenye steshenari za Tabora mjini, kijana anayekurudishia skani yenye vidoa huonekana hajui kazi. Wa duka la pili anabofya filta ya kuondoa vidoa mara moja tu, ukurasa unatoka mweupe pee, na wateja wanahamia kwake. Mimi naona huyu wa kwanza anaonewa.

Wanaopenda kusafisha wana hoja zao, na si za kubeza. Skani ya nyeusi na nyeupe tupu hubanwa kwa kuhesabu mfululizo wa pikseli, yaani vile vipande vidogo vinavyounda picha, zinazofanana. Kila kidoa hukata mfululizo huo na faili linanenepa. Aliyewahi kupakia vyeti kwenye mfumo wa maombi ya kazi wenye kikomo cha ukubwa wa faili anaijua adha hiyo. Programu za kusoma maandishi nazo huchukulia kidoa kuwa ni alama ya uandishi. Tena madoa yakichapishwa, wino unaisha bure.

Lakini tutazame filta yenyewe inafanya nini. Ile inayotumika sana kuondoa vidoa huchukua pikseli moja pamoja na jirani zake nane, ikazipanga tisa zote kuanzia nyeusi hadi nyeupe, kisha ikaichagua ya tano. Pikseli zikiwa nyeusi au nyeupe tu, hiyo ni kura ya wengi. Kidoa cha pikseli moja kina kura moja dhidi ya nane, kinaondoka, na hakuna wa kukililia.

Sasa weka hapo nukta ya desimali ya pikseli nne, mbili kwa mbili. Kila moja ikipigiwa kura, nyeusi ni nne na nyeupe ni tano. Zote nne zinafutika kwa mpigo mmoja. Skani ikiwa ya nukta 200 kwa inchi, alama hiyo ina upana wa robo milimita, yaani ncha ya kalamu ikigusa karatasi. Nukta ya tatu kwa tatu hujitahidi kidogo: filta ikipita mara ya kwanza unabaki msalaba wa pikseli tano, mara ya pili pikseli moja, mara ya tatu hakuna kitu. Na mteja ndiye huyo anasema, "Kaka, ongeza kidogo, bado kuna madoa." Mstari wa unene wa pikseli moja, kama mpaka wa kiwanja kwenye ramani ya zamani, hauhitaji hata mara ya pili, una kura tatu dhidi ya sita.

Chukua stakabadhi ya kaboni ya mkulima wa tumbaku wa Urambo, imekunjwa mfukoni msimu mzima, imeandikwa kilo 47.5. Ikipita kwenye filta inaweza kutoka kilo 475. Hakuna aliyeghushi, na mkulima atakuwa na kazi ya kueleza hilo mbele ya mhasibu wa chama cha msingi.

Wengine hujibu kwamba kosa kama hilo litaonekana tu. Litaonekanaje, na ukurasa unang'aa? Karatasi chafu humfanya msomaji asogeze macho na kuuliza, safi huaminiwa. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kuwa mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu kwenye skani. Ramani moja ya nyumba ilionyesha vyumba vitatu vya ukubwa tofauti vyote vikiwa na mita za mraba 14.13. Pale tatizo lilikuwa njia ya kubana faili, si filta ya vidoa, ila tarakimu za uongo zilitoka zimenyooka vizuri kabisa, na ndiyo maana hazikushtua watu mapema.

Isitoshe, wapo wanaotaka filta ilainishe kingo za herufi zilizotoka na meno-meno, lakini ukakasi huo huzaliwa pale mtu anapochagua nyeusi na nyeupe tupu kabla ya kuskani. Skani ya kijivu ina ngazi 256 kati ya nyeusi na nyeupe, hivyo ukingo wa herufi hufifia taratibu wenyewe. Kulainisha baada ya hapo hakurudishi kilichotupwa. Kunazungusha kona tu.

Picha za magazeti ni habari nyingine. Zimechapwa kwa vitone, na vitone hivyo vikigongana na nukta za skana hutokea mawimbi yanayokera. Hapo filta ilainishe, sina ubishi.

Kijivu kina gharama yake: ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli karibu milioni 8.7, yaani megabaiti 8.7 kabla ya kubanwa, wakati nyeusi na nyeupe ni takriban megabaiti 1.1. Lakini kutoka kwenye kijivu unaweza kutengeneza ile nyepesi wakati wowote, kinyume chake haiwezekani. Kwa hiyo mteja anayetaka nyeupe pee apewe ya kupakia, na ile ya kijivu iwekwe kwenye flashi yake hata kama hakuiomba. Sioni kwa nini alipe zaidi, maana karatasi imepita kwenye skana mara moja tu.