Anaimba hadi mia, lakini mwambie akupe vitano

Pita jirani na darasa la awali asubuhi, iwe Igoma, Buhongwa au Kirumba hapa Mwanza, utasikia watoto wakiimba kwa sauti moja: moja, mbili, tatu, mpaka hamsini, wengine mpaka mia. Mzazi anasimama dirishani anafurahi. Kwa maoni yetu, furaha hiyo imewahi. Mpe mtoto huyohuyo bakuli la vizibo, umwambie, "Nipe vitano." Wengi watachota kiganja kizima na kukukabidhi.

Si watoto wa kwetu tu. Mwaka 1990 mtafiti wa Marekani, Karen Wynn, alionyesha kwamba watoto wadogo wanaotaja namba kwa mpangilio mzuri hushindwa kutoa idadi wanayoombwa. Mtoto hushika kwanza maana ya moja. Miezi kadhaa baadaye hushika mbili, kisha tatu. Baadaye ndipo inamwingia kwamba namba aliyoishia kuitaja ndiyo idadi ya vitu vyote vilivyo mbele yake. Wimbo peke yake haumfikishi huko. Unampa maneno, na maneno anayahitaji, ila kuhesabu ni kazi ya mikono na macho.

Tafuta vizibo 10 vya plastiki vya chupa za maji. Tunavipendelea kuliko maharage na kokoto, ambavyo huishia puani au masikioni, na kuliko vizibo vya bati vya soda, ambavyo meno yake hukwaruza. Kisha omba dukani trei ya mayai ya karatasi. Ina vishimo 30, mistari sita ya vitano vitano. Ikate kila baada ya mistari miwili, upate vipande vitatu vya vishimo kumi kumi.

Mtoto aweke kizibo kimoja kwenye kishimo kimoja huku akitaja namba moja. Kosa utakaloliona mapema ni mdomo kuutangulia mkono: amefika saba na vizibo vilivyowekwa ni vitano. Usimkemee. Mshike mkono taratibu, namba isitajwe mpaka kizibo kitue. Akihesabu vitu vilivyotawanyika mezani kwa kuvinyooshea kidole, ataruka kimoja na kurudia kingine. Mwambie avisogeze kutoka kushoto kwenda kulia, kimoja kimoja. Bibi anayejua kucheza isolo, bao la Wasukuma, ataelewa haraka tunachosema, maana kusambaza kete moja moja kwa kila shimo ni zoezi lilelile.

Akimaliza, uliza, "Ni vingapi?" Hapa ndipo penye jibu lote. Akianza upya moja, mbili, tatu, bado hajajua kwamba alishajibu. Hesabu naye mara moja zaidi, kisha zungusha mkono juu ya vizibo vyote na useme, "Vizibo vinne." Kesho rudia. Dakika 10 kwa siku zinatosha kwa mtoto wa miaka minne au mitano. Akianza kurusha vizibo, amechoka.

Kuna jambo la Kiswahili chenyewe ambalo walimu wengi hulipita. Kwenye wimbo mtoto anasema mbili, lakini sokoni anasikia sato wawili, vizibo viwili, maembe mawili. Kwa mtu mzima ni kitu kimoja. Kwa mtoto, hasa anayezungumza Kisukuma nyumbani, huenda yakawa maneno manne tofauti. Tunashauri ahesabu kwa moja, mbili, tatu bila kubadilisha, na sentensi ya kufunga ibebe upatanisho: "Moja, mbili, tatu. Samaki watatu." Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki, kwa hiyo nguvu iwekwe kwenye moja hadi tano, na nane.

Gengeni kuna somo jingine la bure. Nyanya zinapangwa kwa mafungu, na mtoto anaweza kuona tatu au nne kwa jicho bila kuhesabu. Mwulize fungu lina ngapi, halafu ahakikishe kwa kuzigusa. Ila sarafu usizitumie kwa umri huu. Kipande kimoja kinachoitwa mia kitamvuruga mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kwamba kipande kimoja ni moja.

Alama za namba zije baada ya hapo, si kabla. Kata kadi za boksi zenye ukubwa wa kiganja, upande mmoja 3, upande wa pili vitone vitatu. Anza na 1, 2 na 3 tu. Akizitambua hata ukizichanganya, ongeza 4 na 5. Usimletee 6 na 9 wiki moja. Ni umbo lilelile lililopinduliwa, na kadi ikigeuka mkononi mwake atakuwa sahihi na wewe utasema amekosea. Piga mstari chini ya kila namba ili ajue upande wa chini.

Penseli isubiri. Mtoto anayelazimishwa kujaza ukurasa mzima wa 5 anajifunza kuchora, na mara nyingi anaichora kinyume. Aandike kwanza kwa kidole kwenye mchanga, namba kubwa, akianzia juu. Mchanga uwe kwenye beseni nyumbani au darasani, usimpeleke ukingoni mwa ziwa kwa ajili hiyo. Kuna kichocho, na mtoto huteleza haraka.

Mwalimu mwenye watoto 60 atauliza atawezaje. Wimbo ubaki, uwe wa kufungua kipindi. Kisha watoto sita wakae naye na vizibo, wengine wachore au wachambue vifaa kwa rangi, na kesho wakae sita wengine. Akiwa na sita anamwona yule aliyekuwa akichezesha midomo tu kwenye kundi.

Sifuri iache mwisho, na uifundishe kwa chakula. Weka vipande vitatu vya kiazi kitamu kwenye sahani. Ale kimoja, mhesabu vilivyobaki, ale kingine, mhesabu tena. Sahani ikibaki tupu, mwonyeshe kadi ya 0.