Alipata 10/10 ya kushona kifungo

Jumatatu ya wiki juzi, saa kumi na moja na robo alfajiri, kifungo cha shati la binti yangu kilidondoka sebuleni kikabingirika mpaka uvunguni mwa kochi. Wenye watoto wanaopanda mabasi ya shule mnaijua saa hiyo. Basi linapita kwetu Kimara saa kumi na moja na nusu, dereva anapiga honi mara mbili, ya tatu ni ya kuaga. Mimi nilikuwa nafunga chapati za mdogo wake, mikono imejaa mafuta. Nikamwambia, "Sindano na uzi vipo kwenye kopo la Blue Band, shona upesi."

Aliishika ile sindano kama mtu aliyepewa nge.

"Mama, sijui."

"Hujui nini?"

"Kuingiza uzi."

Yuko darasa la sita. Nikanawa mikono, nikashona mwenyewe shati likiwa mwilini, honi ya pili ikalia, akatoka mbio huku uzi unaning'inia maana sikuona mkasi uko wapi. Sikulichukulia kwa uzito. Watoto wa siku hizi, nikasema, kama tunavyosema wote tunapotaka kukwepa lawama.

Jioni akaniletea daftari. Nadhani siku nzima alikuwa anaumia na lile jambo, akaona ajitetee. "Lakini mama, hii tulisoma. Nilipata zote." Ni daftari la Stadi za Kazi, kava la kaki, nailoni juu yake, jina kwa kalamu ya mkolezo. Akalifungua mahali penyewe. Mada: kushona vifungo. Mahitaji: sindano, uzi, mkasi, kifungo, kitambaa. Hatua sita, zote kwa Kiingereza kilichonyooka. Chini yake amechora kifungo kikubwa kama kisosi, matundu manne, kila tundu na mshale wake, na amekipaka rangi ya bluu bila kutoka nje ya mstari. Pembeni, wino mwekundu: 10/10, na nyota.

Nikamuuliza hatua ya tatu. Akaitaja bila kukosea hata neno. Hatua ya tatu ni kupitisha uzi kwenye tundu la sindano.

Sasa jamani, nicheke au nilie? Ile notisi haikusema popote kwamba ncha ya uzi unailowesha kwa mate kwanza, ukaisokota kwa vidole ikachongoka. Haikusema kwa sababu aliyeiandika ubaoni aliinakili mahali, na aliyeiandika hapo mahali naye aliinakili kwingine, na pengine tangu mwanzo wa mnyororo huo hakuna aliyekuwa na sindano mkononi. Nikapekua kurasa za nyuma. Ufinyanzi: aina za udongo, amechora chungu. Ususi: faida tano za mkeka. Kupika: usafi wa mpishi, amechora sufuria. Mwaka mzima wa kazi za mikono, na kazi pekee ambayo mkono wa mwanangu umeifanya ni kushika kalamu.

Ada ya shule hiyo ni milioni mbili na laki nne kwa mwaka. Basi ni pesa nyingine, sare nyingine.

Ningeyamaliza hapo hapo nyumbani kama Jumamosi iliyofuata kusingekuwa na kikao cha wazazi. Tukakalishwa ukumbini, tukapewa maji ya chupa, kisha mwalimu mkuu akatuwashia projekta. Slaidi ya masomo yanayofundishwa, orodha ndefu mpaka herufi zimekuwa ndogo: yale ya serikali yote, kisha Kifaransa, kompyuta, muziki, kuogelea (shule haina bwawa, wanapelekwa mahali mara mbili kwa muhula), na kuanzia Januari, kodingi na roboti. Nyongeza ni laki moja na nusu kwa muhula. Wazazi tukapiga makofi. Sisemi uongo, na mimi nilipiga.

Ulipofika muda wa maswali nikanyoosha mkono. Nikauliza kwa adabu zote: haya masomo ambayo tayari yapo, kwa mfano Stadi za Kazi, watoto wanayafanya lini kwa vitendo? Kabla mwalimu mkuu hajashika kipaza sauti, baba mmoja wa mstari wa mbele akageuka akaniambia, "Mama, sisi hatulipi ada watoto wakashone vifungo. Mafundi wapo."

Ukumbi ukacheka. Na mimi nikatabasamu lile tabasamu la kikao. Lakini tangu Jumamosi ile sentensi imenikaa kooni kama mwiba wa samaki, ndiyo maana naandika.

Mafundi wapo. Wapo wapi, baba? Wanazaliwa na cherehani? Wewe unayesema hivyo nimekuona kwenye kundi la WhatsApp ukiomba namba ya fundi bomba "mwaminifu", na uliletewa namba tano na hakuna hata mmoja uliyempenda. Tunalalamika kila siku kwamba mafundi wetu wanalipua kazi, kisha tunawalea watoto wetu waamini kuwa kazi ya mkono ni ya watoto wa watu wengine, wale ambao hawakuweza ada.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi nimesoma shule ya msingi ya serikali wilayani Muheza, miaka ya tisini. Kila mmoja na jembe lake, fagio la chelewa, na kidumu cha maji. Tulikuwa na kipindi tulichokiita EK, Elimu ya Kujitegemea, na wala hatukujua kwamba ni jina la waraka wa Mwalimu Nyerere wa mwaka 1967. Sisi tulidhani ni jina la jembe. Tulilima mihogo, tulisuka ukili, tulifinyanga vyungu ambavyo nusu yake vilipasuka juani. Mwalimu wa kushona alikuwa anakagua upande wa ndani wa kitambaa, wa nje haangalii. Ukiwa na mafundo anafumua yote mbele yako anakurudishia. Hakukuwa na kumi. Kulikuwa na "rudia".

Najua mtakachosema, na mtakuwa sahihi, nikubali shingo upande. Ile EK iliharibika. Tulipalilia mashamba ya walimu, tukabeba kuni za walimu, na ukisahau kidumu unachapwa. Kuna watu wa rika langu wakisikia tu neno "kujitegemea" wanakumbuka fimbo, na ndio hao hao leo wanalipa mamilioni ili mtoto wao asishike jembe kamwe. Nawaelewa. Lakini dawa ya kazi iliyogeuzwa adhabu ingekuwa kuifundisha vizuri, na sisi tukaamua kuifundisha kwa kunakili.

Baada ya kikao nikamfuata mwalimu wa somo. Kijana mdogo, mpole, nadhani alidhani nimekuja kumshtaki. Akaniambia mambo mawili ambayo yalinimaliza nguvu. La kwanza: mwaka juzi alileta sindano darasani. Mtoto mmoja akajidunga kidole, tone moja la damu, na kesho yake mzazi alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu anapiga meza. Tangu hapo sindano marufuku, udongo marufuku kwa sababu unachafua sare, jiko ndiyo usiseme. Kwa hiyo shule ilikatazwa na sisi. La pili: "Mama, kwenye mtihani yanatoka maswali machache tu, na ni ya kuchagua."

Hapo ndipo penyewe. Mtihani wa darasa la saba wa hawa wa mtaala wa zamani una masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Stadi za Kazi hazina hata karatasi yao peke yake, zimebanwa chumba kimoja na Maarifa ya Jamii. Na sehemu kubwa ya karatasi ni kuchagua herufi na kusiliba kiduara kwa penseli. Sasa nieleze wewe, unasiliba vipi mshono? Unasiliba vipi chungu? Mwenye shule naye ni mfanyabiashara. NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, iliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini haikuweza kuwazuia wenye shule kuchapa mabango. La kwetu liko pale barabarani, kubwa kuliko la duka la dawa: darasa zima A. Shati lililoshonwa vizuri halipandi bangoni. Kwa hiyo ikifika muhula wa pili wa darasa la sita vipindi vya kazi vinageuka vya Hisabati, vya michezo vinageuka vya Sayansi, na darasa la saba hakuna kipindi chochote, kuna kambi ya kujiandaa na mtihani. Ratiba ya ukutani haibadiliki lakini. Mkaguzi akija anaikuta nzuri kabisa.

Mdogo wake yuko darasa la tatu, kwenye mtaala mpya, huu ulioanza 2024. Nilikuwa na matumaini nao, na bado ninayo kidogo. Majina ni mazuri: Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo. Juzi nikafungua daftari la hilo la mwisho. Swali la kwanza: "Michezo ni nini?" Jibu limenakiliwa, limewekewa vema. Mtoto ambaye nikimtafuta saa kumi jioni namkuta kila siku kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya msikiti, amefundishwa ubaoni maana ya michezo. Uwanja wa shule wenyewe wanalaza mabasi.

Na hii siyo hadithi ya vifungo tu. Sera inasema mtoto akifika sekondari atakuta mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani wa ufundi. Sawa, vizuri sana. Binti yangu ataujuaje mkono wake unapenda nini, wakati kwa miaka saba umeandika tu? Atachagua kwa kusiliba? Mtoto hawezi kuupenda ushonaji kwa kusoma faida zake tano, kama ambavyo hakuna aliyewahi kupenda pilau kwa kusoma orodha ya viungo. Anaupenda siku mshono wa kwanza unaponyooka, au anauchukia siku hiyo hiyo, na kuuchukia nako ni elimu. Tunachowapa sisi sio kimoja wala kingine. Tunawapa nyota.

(Habari ya Kiswahili kupewa vipindi vichache kuliko Kiingereza, na kibao anachovishwa shingoni mtoto aliyezungumza Kiswahili, ni makala nyingine. Nikianza leo sitalala.)

Kodingi siipingi. Mume wangu kazi yake ni hizo hizo kompyuta, na ameniambia nikiandika nionekane naipinga atanijibu humu humu. Mtoto akijifunza kuiamrisha mashine, ni mkono nao huo, ni kazi, unakosea inakataa, unarudia. Hofu yangu ni moja tu. Nimeshaiona shule yetu inavyofundisha kifungo. Naliona daftari la roboti kama nimelishika: kava la kaki, nailoni, faida tano za roboti, picha moja kubwa yenye mishale minne, haijatoka nje ya mstari. 10/10. Laki moja na nusu kwa muhula.

Ninachokitaka hakihitaji projekta. Vipindi viwili vile vilivyokwishaandikwa kwenye ratiba viwe vipindi kweli. Pakiti za sindano, mabaki ya vitambaa, ambayo fundi yeyote wa mtaani anayatupa kila jioni, na mwalimu aruhusiwe kusema "rudia" bila kuogopa kupigiwa meza. Mtoto akijidunga, anyonye kidole aendelee. Nimeliandika hilo kwenye barua, nimeipeleka ofisini, nimeambiwa itafanyiwa kazi. Kwenye kundi la wazazi nimepata vidole gumba vinne, na mzazi mmoja ameuliza kama watoto watanunua cherehani zao wenyewe.

Jumapili nikamkalisha binti yangu barazani. Nikatoa shati lingine lililolegea kifungo, nikamwonyesha habari ya mate. Alikunja uso, "Mama, si uchafu?" Mara ya sita uzi ukapita. Akashona kwanza kifungo kimeshikana na upande wa pili wa shati, ikabidi afumue. Akashona tena, kimekaa upande, akataka kuacha, nikamwambia rudia. Dakika arobaini kwa kifungo kimoja, na alijidunga mara mbili, na hakuna aliyekwenda ofisini kwa mtu. Alipomaliza akakivuta kwa nguvu zake zote kuona kama kitang'oka. Uzi mweupe ulikuwa umeisha, tukatumia wa kahawia.

Jumatatu jioni karudi kanuna. Nikamuuliza kuna nini. Kiranja kamwandika jina getini: uzi hauendani na sare.