Nimenunua raba zangu mwenyewe Karume

Jumapili moja nikajisemea leo sipandi daladala wala mwendokasi, natembea zangu mdogo mdogo kutoka Magomeni Mapipa mpaka sokoni Karume nikatafute raba za mtumba, maana nilizovaa zilikuwa za kahawia halafu zimechoka. Usiku mvua ilipiga kwahiyo Jangwani tope tupu, bonde la Msimbazi mnalijua, mvua kidogo tu watu wanashika viatu mkononi. Mi sikuvua. Nikapita Fire, nikazama Kariakoo kushangaa shangaa, mtaa wa Kongo mawinga, wale wa kukamatia wateja, wakanivuta mkono kama mtuhumiwa, nikatokea Uhuru mpaka Karume, hapo jua limeshakausha tope miguuni limekuwa kama zege.

Muuzaji akanitandikia boksi, "vua bosi, jaribu". Nikavua. Jozi ya kwanza inabana, ya pili inapwaya, ya tatu miguu yote miwili ya kushoto. Pembeni kuna dogo na beseni la povu anasugua viatu anavianika. Njaa ikaniuma, nikaazima ndala za muuzaji nikaenda kula mihogo ya kukaanga na pilipili, stori za Simba na Yanga zikakolea, nikakaa huko karibu saa nzima.

Narudi, si nikaona raba nyeupe pee! Zina unyevu kidogo lakini kali balaa.

"Hizo ishirini na tano, grade one."

Nikalia shida zangu zote, ada, kodi, mpaka akashuka kumi na mbili. Nikatoa msimbazi wa elfu kumi na buku mbili. Kuvaa, mguu ukaingia kama nimezaliwa nazo, yani hata pale kidole gumba kinapochomoza pameshatanuka, nikasema moyoni huyu mzungu aliyezivaa mwanzo tumefanana miguu.

"Haya nipe na zile zangu za zamani, ntavaa saiti."

Hazipo. Tukapekua meza nzima, nikaanza kupandisha, nimeibiwa! Jamaa akasema kaka, hapa pameungua Januari 2022 tumerudi, leo ndo tuhangaike na raba yako? Nikainama kuangalia chini ya meza, macho yakatua kwenye kamba ya mguu wa kushoto. Ina fundo. Lile fundo nililofunga mwenyewe, nikaungia na waya wa simu.

Nikamwangalia dogo wa beseni.

"Hizo nimezikuta hapo chini zina tope bro, nikajua za kwenye belo."

Muuzaji alicheka mpaka akakalia mzigo, meza za jirani wakaitana waje kuniona. Akanirudishia hela, akakata buku tatu ya povu. Mi nikatoa tu, maana kusema kweli tangu mwaka juzi nilikuwa nimeshasahau kama zilikuwa nyeupe.

Nyumbani mke wangu akazikagua. "Hapa umepatia baba, bei gani?"

"Buku tatu."

Akaguna, hakusema kitu. Jumapili iliyofuata naamka nakuta raba zake mlangoni, zimejaa tope, na buku tatu juu yake.