Mwalimu wa muziki, ujipange kwanza au ukue kwanza?

Wakikaa walimu wa muziki wa shule hili bishano haliishi, kuna wanaosema kazi hii bila mpangilio huiwezi hata uwe na kipaji gani, na kuna wanaosema makaratasi yakizidi unabaki karani na sikio lako linalala, heri ukue kimuziki kwanza. Mi naona wote wana hoja ila uzito wake haulingani.

Nianze na wale wa mpangilio maana wanadharauliwa bure. Mwalimu wa hesabu darasa lake analiona karibu kila siku, wa muziki mara nyingi anazunguka shule nzima na kila darasa analipata mara moja kwa wiki, sasa kipindi kimoja kikifutwa wiki mbili zimekatika, watoto wamesahau na wewe mwenyewe hukumbuki hawa kwenye zile sauti za do, re, mi walishafika fa na ti au bado wako kwenye so na mi. Hapo hujagusa ala bado. Filimbi zinapita mdomo hadi mdomo lazima zisafishwe kabla ya kupokezana, gita limeondoka na nyuzi 6 limerudi na 5 na hujui alikuwa nalo nani, nota za alto (sauti ya chini ya kike) hazionekani na kipindi chenyewe ni dakika 40. Vitu hivi havikai kichwani, lazima viandikwe.

Ila faili safi halisikii. Kwaya ikiimba bila kinanda ni kawaida sauti kushuka taratibu bila waimbaji kujua, na kama mwalimu naye hasikii basi hakuna wa kuirudisha. Ndo maana mtunzi na mwalimu wa muziki Zoltán Kodály wa Hungaria, aliyefariki 1967, alikazania mwalimu wa watoto awe mwanamuziki aliyeiva kwelikweli. Zile ishara za mkono za solfa, yaani za do, re, mi, zilizoenea na njia yake ya kufundisha, na ambazo asili yake ni mwalimu wa uimbaji John Curwen wa Uingereza karne ya 19, huwezi kuzifundisha vizuri kama wewe mwenyewe huwezi kuimba kwa kuangalia nota. Émile Jaques-Dalcroze, mwalimu wa muziki wa Uswisi, yeye alitaka mdundo uingie mwilini, utembee, upige makofi, na hilo hulijui kwa kusoma tu lazima ulifanye. Na mwalimu anayepiga nyimbo za watoto tu mwaka mzima, kiwango chake kinashuka polepole.

Hapa ndipo mizani yangu inaegemea kwenye kukua, lakini kwa sharti. Maana semina nyingi zinaishia kwenye cheti, mtu anarudi ana moto, hana pa kuandika atajaribu nini na darasa lipi, wiki mbili mbele yuko palepale. Kukua bila kumbukumbu kunayeyuka, na andalio la somo linalosema "wanafunzi wataelewa mdundo" nalo halisaidii kitu, halisemi ni akina nani wanakimbiza tempo (kasi ya wimbo), linamridhisha mkaguzi basi.

Kinachounganisha pande zote mbili, kwa maoni yangu, ni kurekodi. Simu tu inatosha, wimbo uleule mwanzo wa muhula na karibu na mwisho, faili lipewe jina la darasa na tarehe. Ni kumbukumbu ya maendeleo ya watoto na papo hapo ni mwalimu wako wewe, maana utasikia umeongea dakika ngapi na wao wameimba ngapi (hii huwa inauma lakini ina faida kubwa). Wengi tuko peke yetu shuleni, hakuna mwenzako wa fani wa kukaa nyuma ya darasa akakwambia. Ruhusa ya shule na wazazi ni lazima, na sauti za watoto zisitupwe mtandaoni hovyo. Atakayesema hana muda nakubaliana naye kabisa, asisikilize madarasa yote, moja kwa wiki linatosha.

Na wiki ikikubana mno acha kurembesha mafomu, shika daftari la ala, mistari miwili ya darasa lilipoishia, na mazoezi ya ala yako mwenyewe yakiwa yameandikwa kwenye ratiba kama kipindi kingine chochote.