KDS ya nini wakati macho unayo?

Mpwa wangu alinijia juzi na daftari, swali lenyewe moja tu, ipi kubwa kati ya 7/8 na 8/9, na chini ya swali alikuwa ameshajaza karibu nusu ukurasa. Katafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili) ya 8 na 9 kapata 72, kagawanya, kazidisha, kapata 63/72 na 64/72, kaweka alama, halafu kaifuta kwa sababu hakuwa na uhakika mdomo wa alama unaangalia wapi. Nikamwambia hebu weka kalamu chini kwanza. 7/8 imebakiza ngapi ifike moja nzima? Akasema moja ya nane. Na 8/9? Moja ya tisa. Sasa ipi imebakiza kidogo? Akanyamaza, akaangalia daftari, akaniangalia mimi, akasema, "Mjomba, kwani inaruhusiwa kufanya hivyo?"

Hilo swali limenikaa kichwani wiki nzima. Inaruhusiwa! Yaani mtoto ameliona jibu kwa macho yake na bado anadhani kuna mtu anatakiwa ampe kibali. Na simlaumu, maana hata mimi nilifundishwa hivyo hivyo, ukiona sehemu mbili zina asili (namba ya chini) tofauti unakimbilia KDS kama mtu anayekimbilia daladala, hata kama unapokwenda ni hatua tatu tu.

Mimi maoni yangu ni haya, na najua walimu wengine hawatapenda. KDS ni chombo cha kujumlisha na kutoa. Kwenye kulinganisha iwe ya mwisho kabisa, ukishaangalia, ukajaribu, ukakwama. Mara nyingi hukwami.

Tuanze na kitu chepesi ambacho watu wazima kabisa wanakosea. Sehemu zikiwa na asili moja, mfano 5/11 na 8/11, hakuna mjadala, vipande vya aina moja, mwenye vingi kashinda. Zikiwa na kiasi (namba ya juu) kimoja, mfano 5/11 na 5/8, hapo ndo watu wanateleza, wanaona 11 kubwa wanachagua 5/11. Idadi ya vipande ni ileile, vitano kwa vitano, ila kitu kilichokatwa mara 11 vipande vyake ni vidogo kuliko kilichokatwa mara 8. Asili kubwa, kipande kidogo, basi.

Nadhani lugha tunayotumia darasani nayo inachangia. Tukisoma 7/8 tunasema "saba juu ya nane", unasikia namba mbili zimepandana, mtoto anaanza kuzipigania namba mbili badala ya kuona kitu kimoja. Na Kiswahili kina majina yake mazuri tu, nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumni, tusui, ushuri. Ukisema "thumni saba" unasikia kabisa kwamba kuna kitu kinaitwa thumni na viko saba, kama vile vikombe saba. Sisemi turudishe tusui kwenye mazungumzo, hakuna atakayekuelewa, lakini hata "nane-nane saba" ingekuwa afadhali kuliko hiyo "juu ya".

Haya, njia ninayoipenda kuliko zote ni nusu. Ukiona sehemu yoyote jiulize tu imevuka nusu au haijavuka, na kujua ni sekunde moja, zidisha kiasi mara mbili uangalie kama kimepita asili. 3/7, mbili mara tatu sita, haijafika saba, iko chini ya nusu. 5/9, mbili mara tano kumi, imepita tisa, iko juu ya nusu. Kwa hiyo 5/9 ni kubwa kuliko 3/7 na hujaandika kitu. Ukipewa 11/23 na 19/37 hapo ndo utaona raha yake, mwenzio anatafuta KDS ya 23 na 37 (ni 851, nimemtafutia) wewe ushamaliza.

Sasa mtu ataniuliza, je zote mbili zikiwa juu ya nusu? Chukua 4/7 na 5/9. Nusu ya saba ni tatu na nusu, kwa hiyo 4 imezidi kwa nusu kipande. Nusu ya tisa ni nne na nusu, 5 nayo imezidi kwa nusu kipande. Wote wamezidi nusu kipande, lakini kipande cha nani? Nusu ya subui (moja ya saba) ni kubwa kuliko nusu ya tusui (moja ya tisa), kwa hiyo 4/7 ndiyo kubwa. Hii mimi huwa naiona tamu sana, sijui kwa nini haifundishwi.

Ile ya kuangalia kilichobaki kufika moja, niliyomwonyesha mpwa wangu, inafanya kazi vizuri zikiwa zote mbili ziko karibu na moja na zimebakiza idadi sawa ya vipande. 15/17 na 17/19, zote zimebakiza viwili, vya kumi na tisa ni vidogo, 17/19 iko karibu zaidi na moja. Ila ina mtego na lazima niuseme. Siku iliyofuata yuleyule mpwa akaniambia 3/5 ni kubwa kuliko 7/10 "kwa sababu hii imebakiza mbili na hii imebakiza tatu". Kahesabu vipande, kasahau ukubwa wake. Mbili za tano ni sawa na nne za kumi, kwa hiyo 3/5 imebakiza nyingi zaidi, 7/10 ndo mshindi. Kuna wengine wanakwambia 5/6 na 7/8 ni sawa kwa sababu zote zimekosa moja moja. Ukisikia hivyo usimcheke, muulize tu, moja ya nini?

Na ukikutana na zile sehemu guni, zenye kiasi kikubwa kuliko asili, mfano 29/9 na 22/7, toa namba nzima kwanza, usihangaike na mzigo wote. Zote mbili zina 3 ndani, zinabaki 2/9 na 1/7. 1/7 ni 2/14, na 2/9 ni kubwa kuliko 2/14. Kwisha.

Hiyo 22/7 imenikumbusha kitu. Shuleni tuliambiwa pai ni 22/7 au 3.14, chagua unayotaka, na miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza ipi kubwa. Fanya kama hapo juu, toa 3, zinabaki 1/7 na 14/100. Ifanye 1/7 nayo iwe na 14 juu, inakuwa 14/98. Sasa 14/98 na 14/100, kiasi kimoja, asili ndogo kashinda, kwa hiyo 22/7 imezidi 3.14, na pai yenyewe, 3.14159 na kuendelea, imekaa katikati yao. Archimedes, mwanahisabati Mgiriki wa karne ya 3 kabla ya Kristo, alitumia maumbo ya pande 96 kuibana pai, akasema ni ndogo kuliko 3 na 1/7 na ni kubwa kuliko 3 na 10/71. Niliposoma hiyo mara ya kwanza niliona 10/71 kama namba ya ajabu ajabu tu, lakini hebu iandike 1/7 kama 10/70. Unaona? 10/70 na 10/71. Huhitaji kalkuleta kujua ipi iko juu, na unaona kabisa jinsi alivyoibana, kidogo tu ndo kimebaki katikati.

Kuna watu hawajawahi kusikia kitu kinaitwa KDS na wanalinganisha sehemu kutwa nzima, mafundi wanaotumia spana za inchi. Fundi kashika 1/2 inacheza kwenye bolti, kajaribu 3/8 haiingii, anataka ya katikati. Hakai chini kuandika. Kichwani nusu ni nane za kumi na sita, 3/8 ni sita za kumi na sita, anaomba 7/16. Zile asili zote ni kurudufu tu, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, kwa hiyo anarudufu juu na chini mpaka zifanane. Kitaalamu hiyo ni KDS hiyohiyo, najua, msinijie juu kwenye maoni, ila yeye kaifikia kwa kuwa kazi imemdai, sio kwa sababu ni stepu ya kwanza ubaoni.

Sasa ile ya eksi, kuzidisha kwa kukatisha. Wengi mnaipenda na ni kweli haikosei, 3/7 na 4/9, unapiga 3 mara 9 ni 27, 4 mara 7 ni 28, 4/9 kubwa. Ugomvi wangu nayo ni kwamba inafundishwa kama mazingaombwe, mtoto anapata 27 na 28 halafu hajui 27 ni ya nani. Dawa yake ndogo tu, anza na kiasi, mshushe akamzidishe asili wa upande wa pili, jibu liandike juu ya kichwa cha huyo kiasi. 27 inakaa juu ya 3, 28 inakaa juu ya 4, huwezi kupotea. Na sio mazingaombwe, ni kwamba zote mbili umezigeuza kuwa za 63, 27/63 na 28/63, ila umeona uvivu kuandika 63. Kama kuna hasi usiguse kabla hujafikiria, maana -7/8 na -8/9 zinageuka, aliyekuwa mdogo anakuwa mkubwa.

Alama za mtihani, mimi naenda kwa asilimia moja kwa moja, sina ubishi. 17/20 na 21/25, ya kwanza mara tano, ya pili mara nne, 85 na 84. Hapo kutumia ujanja mwingine ni kujisumbua.

Ya mwisho ni ile ya nyongeza, na hii nilichelewa sana kuijua. 11/15 na 17/23. Toka 11 kwenda 17 imeongezeka 6, toka 15 kwenda 23 imeongezeka 8. Nyongeza yenyewe ukiiona kama sehemu ni 6/8, robo tatu. Je, robo tatu ni kubwa kuliko 11/15? 11 mara 4 ni 44, 15 mara 3 ni 45, ndiyo, kubwa kidogo. Basi 17/23 imevutwa juu, ni kubwa kuliko 11/15. Siri yake, 17/23 ni 11/15 na 6/8 zilizojumlishwa juu kwa juu na chini kwa chini. Ukijumlisha hivyo, lile kosa ambalo kila mwalimu analipiga mkasi mwekundu, jibu halitakuwa jumla lakini litaangukia katikati ya zile mbili kila mara. 1/2 na 2/3 inakupa 3/5, na kweli iko katikati. Fundi saa mmoja Mfaransa wa karne ya 19, Achille Brocot, alijenga juu ya hilohilo kutafuta idadi ya meno ya gia za saa zake.

Nilimfundisha mpwa wangu hiyo ya nyongeza jana jioni, nikajisikia kweli kweli. Akaenda, akarudi na swali lake mwenyewe, 13/17 na 16/21. Nusu, zote zimevuka. Kilichobaki, 4/17 na 5/21, hainisaidii. Nikaingia kwenye nyongeza, 3 juu, 4 chini, robo tatu, 13 mara 4 ni 52, 17 mara 3 ni 51, kwa hiyo robo tatu ni ndogo, imevutwa chini, nikamwambia 13/17 ndo kubwa. Akanigeuzia daftari. Alikuwa ameshapiga eksi yake kabla hata hajaja, 273 juu ya 13, 272 juu ya 16, mstari mmoja. "Mjomba, umechelewa."