Kamba ya nailoni katikati ya mkonge

Nilizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa mkonge upande wa Muheza. Marehemu baba alikuwa kwenye korona, ile mashine inayosaga majani na kuacha singa, na akirudi jioni nyumba nzima ilinuka maji ya mkonge. Robota zikipakiwa kwenye lori kwenda bandari ya Tanga, sisi watoto tulilikimbiza lori mpaka barabara kuu. Na kamba ya kuanikia nguo pale uani kwetu ilikuwa ya nailoni, ya buluu, imenunuliwa dukani mjini.

Kamba ile inanirudia sana siku hizi, kila ninaposoma habari za China na soko lake la chipu za akili unde (AI), yaani vile vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoifanyia kompyuta hesabu zake.

Oktoba 2022 Marekani ilizuia China isiuziwe chipu kali za akili unde, zikiwemo A100 na H100 za Nvidia, kampuni ya Marekani. Nvidia ikatengeneza nyingine zilizopunguzwa makali, A800 na H800, na mwaka uliofuata hizo nazo zikazuiwa. Ikaja H20, nayo Aprili 2025 ikawekewa sharti la kibali. Mwezi mmoja baadaye Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, alisema mjini Taipei kwamba ndani ya miaka minne sehemu ya kampuni yake katika soko la China imeshuka kutoka asilimia 95 hadi 50. Waliojaza nafasi hiyo ni Wachina wenyewe: Huawei na chipu zake za Ascend, Cambricon, na wengine wadogo nyuma yao.

Habari ya Cambricon ndiyo iliyonikaa moyoni. Ilianzishwa 2016 na ndugu wawili, Chen Yunji na Chen Tianshi. Teknolojia yao ilitangulia kuingia kwenye simu za Huawei, kisha Huawei ikajitengenezea ya kwake na mteja mkubwa akaondoka. Wakala hasara mwaka baada ya mwaka. Mwishoni mwa 2022 Marekani ikawaingiza kwenye orodha ya kampuni zilizowekewa vikwazo. Nusu ya kwanza ya 2025 mapato yao yalizidi mara 40 ya yale ya kipindi kama hicho mwaka uliotangulia, na safari hii ikapatikana faida.

Je, chipu za China ni bora kuliko za Nvidia? Hapana. Huawei, ili ishindane na kabati la Nvidia lenye chipu 72, imelazimika kuunganisha chipu 384 za Ascend 910C katika mtambo mmoja, na mtambo huo unakula umeme mwingi zaidi kwa mbali. Mashine za kisasa kabisa za kuchorea chipu, zinazotengenezwa na ASML ya Uholanzi, China haiuziwi. Tena kuna programu: wahandisi wa dunia nzima wamezoea CUDA, programu ya Nvidia ya kuandikia kazi za chipu zake, tangu 2007, na anayehamia Ascend hana budi kuandika upya kazi zake nyingi, kujifunza zana nyingine, na kuvumilia hitilafu ambazo kule alishazisahau.

Wanazinunua hivyo hivyo. Wengine kwa kusukumwa na serikali yao, wengine kwa sababu mlango wa Marekani ulifungwa, lakini wananunua. Mnunuzi anakaa na kitu ambacho hakijakamilika, kinamsumbua, anapiga simu kiwandani kulalamika, fundi anakuja, toleo linalofuata linakuwa na nafuu. Kwa maoni yangu soko hilo limekuzwa na huyo mnunuzi kuliko na kiwanda chochote. Fedha peke yake haikutosha, maana hata wao wamewahi kuzimwaga bure: kule Wuhan kampuni ya HSMC ilijinadi kwa mradi wa yuani bilioni 128, na haikutoa chipu yoyote ya kuuza kabla mamlaka za pale hazijauchukua mwaka 2020 na hatimaye kuufunga.

Sisi Tanga tulikuwa na bidhaa bora na hatukuwa na mnunuzi wa nyumbani. Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kufika 1964 Tanzania ilikuwa ya kwanza duniani, tani 230,000 hivi kwa mwaka, na mashamba ya Tanga ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa. Karibu mkonge wote ulipanda meli. Ulikwenda kuwa kamba za kufungia majani ya mifugo na mavuno ya wakulima wa mbali, na wakulima hao walipoonyeshwa kamba za plastiki walibadilisha bila kutuuliza. Watu wanapenda kuitaja 1967 na utaifishaji wa mashamba, na kweli uendeshaji uliyumba, lakini bei ilikwishaanza kuporomoka kabla ya hapo. Viwanda vya kamba tulikuwa navyo. Baba aliwahi kuniambia, akiwa amestaafu tayari, "Mwanangu, miaka yote ile pale korona sijapata kumwona kwa macho mtu anayenunua mkonge."

Sasa niseme la leo. Nafundisha vijana kompyuta katika chumba kimoja Ngamiani, Tanga. Binti mmoja miongoni mwao ametengeneza programu inayosikiliza mnada wa samaki pale Deep Sea na kuandika bei: kolekole kiasi hiki, changu kiasi hiki, tasi tenga zima kiasi hiki. Dalali wa samaki anaongea haraka, watu wanapiga kelele, pikipiki zinapita, kwa hiyo programu inakosea. Kila tunapoifundisha tunakodi kompyuta zenye chipu za Nvidia zilizoko nje, kwa saa, kwa dola. Tuliipeleka kwenye taasisi moja ambayo kazi yake inahusu mambo hayo hayo. Walitupokea vizuri, walisikiliza, wakasema, "Ikishakuwa nzuri, mtuletee."

Itakuwaje nzuri bila kutumiwa? Niliumia kwa ajili ya binti yule, na bado naumia.

Mimi sidai Tanzania ijenge kiwanda cha chipu. Lakini soko la akili unde la Kiswahili ni letu, na limeshaanza. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na Mahakama ya Tanzania imeanza kutumia mfumo unaonakili na kutafsiri maneno yanayosemwa mahakamani. Ni hatua ninayoipongeza kwa moyo wote, kwa sababu hakimu kuandika kila neno kwa mkono kulichelewesha haki za watu. Mfumo wenyewe ni wa kampuni ya Italia. Maneno ni yetu, sauti ni zetu, mnunuzi ni sisi, na fundi anayejifunza kutokana na makosa ya mfumo huo yuko Ulaya. Ningependa zabuni za namna hiyo zitenge sehemu, hata ndogo, kwa kazi ya vijana wa hapa ambayo bado ina kasoro, na mkataba useme wazi kwamba kasoro zitarekodiwa na kulipiwa marekebisho. Ningeanza na hospitali za wilaya na minada ya mazao, ambako kosa la programu linaonekana siku hiyo hiyo na karani aliyepo analirekebisha.

Dalali mmoja wa Deep Sea amekubali kuitumia programu ya binti yule mwezi mzima, na anailipia, kidogo. Ikikosea, anaandika kosa kwenye daftari la shule alilolitundika kibandani kwa kamba. Jana jioni tulikwenda kulichukua. Kurasa sita zimejaa, na binti amekaa nalo tangu asubuhi.