Sabufa: kulia na kushoto, au katikati ya jukwaa?

Kwenye matamasha ya uwanjani na harusi za hema, sabufa, yaani spika kubwa za besi, karibu kila mara hugawanywa nusu kwa nusu, kulia na kushoto kwa jukwaa. Mafundi wana sababu zao, tena za kweli: waya unakuwa mfupi, sabufa zinabeba spika za juu, na katikati panabaki wazi kwa maharusi, wacheza shoo na wapiga picha. Wanaoumia ni waliokaa pembeni.

Chukua marundo mawili yaliyoachana mita 12. Kwenye joto la nyuzi 28 sauti husafiri takriban mita 348 kwa sekunde, hivyo wimbi la hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde) lina urefu wa mita 5.8. Aliye kwenye mstari wa katikati hupata mawimbi ya pande zote kwa pamoja, na besi inapanda desibeli 6 juu ya ile ya rundo moja. Lakini popote ambapo rundo moja liko mbali zaidi ya jingine kwa nusu wimbi, yaani mita 2.9, mawimbi yanafutana na kuacha shimo lisilo na besi. Ukiwa mita 20 mbele ya jukwaa, shimo la hezi 60 liko mita 5.2 tu kutoka mstari wa kati. La hezi 80 liko mita 3.8, la hezi 40 mita 8.1. Kwa hiyo hakuna kiti cha pembeni kinachopata kiki, yaani mdundo wa ngoma kubwa, kamili.

Meza ya fundi nayo huwekwa katikati, penye besi nyingi kuliko kote. Anasikia imezidi, anaipunguza, na wa pembeni wananyang'anywa hata kile kidogo. Ikwalaiza, kifaa cha kupandisha au kushusha sauti za hezi fulani, haisaidii: ukipandisha hezi 60 unapandisha mawimbi yote mawili sawasawa, nayo yanaendelea kufutana.

Ukizirundika zote katikati, mashimo hayo yanaondoka. Kwa sabufa nne au chini ya hapo, huo ndio mpangilio wa kuanza nao. Tatizo lake ni mstari wa mbele: aliye mita 2 kutoka kwenye sabufa hupata takriban desibeli 20 zaidi ya aliye mita 20. Uzio ukisogezwa hadi mita 4, tofauti inashuka hadi 14. Pia spika za juu bado ziko pembeni, kwa hiyo muda wa sabufa na spika hizo hauwezi kulingana kila mahali. Zilinganishe mahali palipo kati ya mstari wa katikati na upande mmoja, nusu ya kina cha uwanja, na si mezani kwa fundi.

Ukiwa na sabufa sita, zitandaze mbele ya jukwaa, mita 2 kutoka kitovu cha moja hadi kingine. Umbali huo ni chini ya nusu wimbi la hezi 80. Zikiachwa hivyo hivyo, mstari wa mita 10 unarusha besi mbele kama tochi, pembeni panafifia tena. Dilei, yaani kuchelewesha sauti kidogo, ndiyo inayoupanua: mbili za ndani sifuri, zinazofuata milisekunde 1.7, za mwisho 5.7. Hapo besi inafunguka kwa pembe ya takriban nyuzi 90. Utahitaji prosesa (kifaa kinachogawa na kuchelewesha sauti) yenye njia tatu za sabufa, na kila jozi iwe na chaneli yake ya ampu. Wengi hukwama hapa, kwa sababu sabufa zote sita zimeungwa kwenye chaneli mbili.

Kulia na kushoto kunakubalika pale watazamaji wanapokaa kwenye ukanda mwembamba, kama barabara iliyofungwa, maana mashimo yanaangukia nje yao. Ukumbini penye njia ya maharusi, bora uziweke zote kona moja, zikigusa ukuta. Uso wa sabufa ukiwa mita 1.45 kutoka ukutani, mwangwi unarudi umechelewa nusu wimbi na kula hezi 60.

Kama ni lazima zigawanywe, kagua polariti, yaani kama chanya na hasi za waya hazijabadilishana, kabla geti halijafunguliwa. Simama mstari wa katikati, piga toni ya hezi 60 kwa rundo moja, kisha washa la pili. Besi ipande wazi. Ikishuka, waya wa upande mmoja umegeuzwa, na shimo kubwa kuliko yote liko katikati ya uwanja.